Jina Nyuma ya Picha

Dada yetu Renatha Kaijage alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 huko Kanyigo, Bukoba, mtoto wa pili wa Mzee Privatus Kaijage na Mama Leonsia. Mimi ninayesoma ni Ponsian, mdogo wake. Mniwie radhi kwa sauti hii, tumechoka.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, kisha akasomea ualimu. Mwaka 1953 alikuja kufundisha Mwanza, na tarehe 8 Januari 1955 akafunga ndoa na Nkwabi Shimba wa Magu, fundi wa kinu cha pamba.

Mwaka 1969 alianzisha Kikundi cha Akina Mama Wachoraji hapa Igoma. Walichorea udongo mwekundu, masizi na majivu, vile vile walivyozoea kupamba kuta za nyumba. Marehemu alishikilia jambo moja: nyuma ya kila picha liandikwe jina la aliyeichora. Wengi hawakujua kuandika, hivyo aliwaandikia yeye. Mmoja wao, Ng'washi, mama yake Ndalahwa, alimwambia, "Wewe andika tu Mama Ndalahwa, inatosha." Marehemu akamjibu, "Ndalahwa hajawahi kushika brashi." Kiongozi mmoja akaja kusema kuandika majina ni ubinafsi, picha ni mali ya kikundi. Marehemu akamwambia, "Shamba ni letu sote, ndugu, lakini kitovu kila mtu na chake." Ubishi huo ulidumu miaka mitatu, na ulimchosha kuliko kazi yenyewe.

Aliugua figo tangu Juni 1976. Alilazwa mara nne, na kila aliporudi nyumbani aliwafundisha wenzake herufi. Alifariki Jumanne, tarehe 18 Oktoba 1977, saa kumi alasiri.

Sandukuni mwake tulikuta picha tisa zisizo na jina. Zilikuwa zake. Aliandika za wenzake zote, zake hakuzifikia, na nakiri nilikasirika. Jana Ng'washi alikuja, akazigeuza moja moja, akaandika polepole kwa mkono wake mwenyewe: LENATHA. Binti wa marehemu, Odeta, alitaka kuifuta ile L. Nikamwambia aiache. Ndivyo akina mama hawa walivyomwita miaka yote, naye aliitika.

Ameacha mume, watoto wawili, Odeta na Chenge, mjukuu mmoja, na wenzake ishirini na watatu. Apumzike sasa kwa amani dada yetu. Majina wataandika wenyewe.