Tarehe Aliyoambiwa Valère Kashindi

Ninyi mliofika hapa Kabalagala kulia pamoja nasi, mimi Elie, mdogo wake Esperance, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu, Valère Kashindi.

Valère alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Uvira, Kongo, mtoto wa tatu wa mwalimu wa shule ya msingi, akasoma hapo hapo hadi mwaka 1991, baba yake alipofariki na ada ikakosekana, ndipo akajifunza kuchomelea vyuma. Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa kanisani na dada yangu Esperance, wakajaliwa Séraphine, Tresor na Estelle, na mwaka 2012 vita vilipowafukuza walikuja Kampala, naye akapata kazi katika gereji moja ya Kisenyi, akaifanya hadi nguvu zilipomwisha.

Mwaka 2022 mwenzake wa gereji, Okwera, aliangukiwa na lori alilokuwa akilitengeneza, akaacha bima ya maisha, lakini wakala aliyemwandikisha alikuwa namba ya simu tu, na simu ile haikupatikana tena, mjane akazunguka mjini miezi saba na karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki. Valère aliyaona hayo, akaanza kutafuta wakala ambaye, kama alivyosema mwenyewe, Esperance angeweza kumfikia kwa miguu, akawakataa wawili wa mjini, akamkubali Akidi, binti wa polisi aliyekulia katika kambi ya polisi, mwenye meza yake nyuma ya duka la dawa hapa mtaani.

Wakati huo figo zake zilikuwa zimeanza kuharibika. Akidi alimwambia, "Mzee, hii ugonjwa ukiandika, kampuni itakuwekea miaka mbili ya kungoja. Ikikuua kabla, familia inarudishiwa tu ile ulilipa."

Valère akamjibu, "Andika. Nikidanganya, watamgeuzia kibao Esperance, na mimi sitakuwepo kumtetea."

Alitia sahihi tarehe 5 Mei 2023.

Alilazwa mara ya mwisho tarehe 31 Machi mwaka huu wa 2025, na kila asubuhi aliuliza tarehe, akahesabu kwa vidole siku zilizobaki. Ijumaa tarehe 25 Aprili hakuweza tena kuinua mkono. Aliuliza hata hivyo, na dada yangu, ambaye katika miaka ishirini na mitano ya ndoa hakuwahi kumdanganya, akamwambia, "Leo ni tarehe sita, mwezi wa tano." Akasema, "Basi, vizuri," akafumba macho, na kabla ya saa sita mchana alikuwa ametutoka. Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Dada ameomba jambo hili lisomwe, kwa sababu kuna wanaosema ameachiwa utajiri, na hakuachiwa. Akidi alifika nyumbani siku ileile kumweleza, kabla ya mtu mwingine yeyote, na dada akamwambia kwamba alishajua tangu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu mara mbili kwa wiki bila kumchoka, majirani waliotupikia na kukaa nasi matangani, mafundi wa Kisenyi waliouchomelea wenyewe msalaba wa kaburi lake, na Akidi, ambaye kesho atafuatana na dada kwenye kampuni kufuata kile kidogo kinachorudishwa.

Shemeji, Mungu akupumzishe kwa amani.