Mashati Manne ya Mstari wa Mbele

Sipendi kuulizwa habari hii. Kila kukiwa na hitima hapa Likoni, mjukuu wa mtu huja akajibana ubavuni mwangu, pilau mkononi, akasema: Bibi, ile bendi ilikuwaje? Kana kwamba ni ngano ya sungura. Haya, sikilizeni, kisha msiniulize tena. Ulikuwa mwaka wa sitini na mbili, bendera ya Mzungu haijashuka bado. Mimi nilikuwa nikikaanga mahamri kando ya baraza ya kahawa, karibu na kivuko, na barazani walikaa wale wale wa kila siku. Alikuwako Mramba, tuliyemwita Kadhi kwa kuwa hakuna kesi asiyoikata, hasa isiyomhusu. Alikuwako Absalom wa bandarini, mtu wa bara, tukimwita Tarumbeta kwa sababu alipuliza tarumbeta kanisani kwao. Na alikuwako Boga, fundi wa cherehani. Jumamosi skuli yetu ilikwenda Changamwe kushindana bendi, na sare alizishona Boga: mashati ishirini meupe, mshipi mwekundu, vifungo vya shaba. Kwa kupiga tuliwashinda wote. Kwa sare tukapewa sifuri, kikombe kikaenda kwa wengine. Jumatatu asubuhi, kahawa ya kwanza haijamiminwa, wakaanza.

— Sifuri, akasema Mramba. Hata aliyekwenda uchi hupewa moja kwa kuthubutu.

— Nilisimama pale kwenye kamba, akasema Absalom. Mwamuzi Mzungu anapita, anatazama vifungo, anatazama viatu, anaandika. Amefurahi kabisa. Nyuma yake yule mwamuzi wa pili, sajini mzee wa jeshi, Mwislamu mwenzenu. Alipofika kwa wale vijana wanne wa mstari wa mbele, akainama. Akanusa.

— Akanusa nini?

— Shati, mzee. Akarudi nyuma hatua mbili. Halafu akashika kola kwa vidole viwili, akamnong'oneza Mzungu, na Mzungu akakata alichokwisha andika.

— Changamwe wamemlisha huyo.

— Mtu akilishwa huharibika macho, Kadhi. Pua yaingiaje?

Mramba akamgeukia Boga.

— Fundi, mbona kimya? Kazi yako ndiyo iliyotukanwa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Wahenga hawakusema hivyo kwa jambo kama hili, nikamwambia.

— Bi Mwanatabu, wewe tazama mafuta yako yasiungue.

Boga akacheka kidogo, kicheko cha kulipia. Absalom akamuuliza:

— Mama anaendeleaje, fundi?

— Hajambo. Homa tu.

Mramba kesha pata njia nyingine.

— Walitiwa dawa. Pale pantoni, watu wamebanana, mtu apita na kichupa, awanyunyizia wale wa mbele. Mafuta ya fisi. Nimewahi kuyasikia.

— Uliyanusia wapi, mafuta ya fisi?

— Nimesema nimeyasikia, sikusema nimeyanusa.

— Mimi nawaambia ni serikali, akasema Absalom. Bendi itakayoshinda ndiyo itakayopiga siku bendera ikishuka, si ndiyo? Basi imeandikwa mahali kwamba watu wa ng'ambo hii wasipige. Sajini alitumwa kutafuta sababu. Asipoiona kwa macho, ataitafuta kwa pua.

— Wee Tarumbeta, serikali haina haja na mashati ya Boga. Mramba akashusha sauti. Sajini yule alipigana Burma. Alilala siku tatu katikati ya maiti, naye akidhaniwa maiti. Tangu hapo humnusa mtu aliye karibu kufa. Wale wanne, wallahi, hawaumalizi mwaka.

— Funga kinywa chako, nikamwambia. Wana mama zao, na mmoja anapita hapa kila asubuhi kununua mahamri.

— Basi ni chawa. Kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake, ukipeleka shati kwenye mashindano, lipige pasi kwanza.

Hapo kikombe kikamponyoka Boga. Hakikuvunjika, kiliviringika hadi miguuni mwangu, nikakiokota. Nami, kwa kuwa sina ulimi wa kukaa na neno, nikalitoa.

— Ilikuwa ni kafuri, nikasema. Walipopita hapa Jumamosi kwenda pantoni niliinusa. Niligeuka nikatazame jeneza la nani, nikaona ngoma.

— Kafuri huzuia nondo, akasema Boga. Alisema upesi mno. Nilitia kidogo kabatini, Bi Mwanatabu. Nguo nyeupe haitaki nondo.

— Mwaona? akasema Mramba, kama aliyekuwa akijua siku zote. Nondo.

— Lakini kwa nini wanne tu? akauliza Absalom. Na mashati yao yaling'aa kuliko ya wenzao. Ndiyo maana waliwekwa mbele, au sivyo, fundi?

Mwanarehema, binti wa dadake Boga, alikuwa anakuja njia ya msikitini, buibui limemteleza mabegani na halishiki.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Vipi?

— Mjomba, akamwambia Boga, bibi ametangulia. Sasa hivi.

Tukasema yanayosemwa. Absalom akavua kofia. Boga alikaa tu, mikono magotini.

— Waosha wamekuja, akasema Mwanarehema. Tumefungua sanduku lake. Mna kafuri, mna chupa ya mawaridi. Sanda hamna. Jana aliniambia nisimtie katika nyingine ila ile ya babu. Iko wapi, mjomba?

Sanda ile sisi sote twaijua. Mume wa Bi Mwanamkasi, mamaye Boga, aliibeba kutoka Makka, imechovywa maji ya Zamzam, na aliporudi hakukaa mwaka akafa. Kila mwaka baada ya Idi mjane wake akiianika uani, akiikunja upya na kafuri mpya, na sisi majirani twaitwa kuitazama. Akisema, nguo za kuvalia duniani nimenunuliwa na watu wengi, hii nimenunuliwa na mume wangu.

Muuza kahawa alishika dele lake asimimine. Mwanarehema akatutazama mmoja mmoja, akingoja.

— Jora la skuli lilipelea, akasema Boga mwishowe, akiiambia ardhi. Nilikataa kiolezo cha Mhindi aliyetuuzia jora. Nilisema nitakata kwa jicho. Nikakata mikono mirefu kama ya kijeshi, kola mbilimbili, na jora likaisha kwenye shati la kumi na sita. Ningewaambiaje kamati? Mama alikuwa mzima, akitwanga mwenyewe. Nikasema, mwakani nitamwagiza nyingine mtu anayekwenda Hija.

Akainuka, akaacha hata kofia yake barazani.

Alikwenda nyumba zote nne za wale vijana wa mstari wa mbele. Mashati mawili aliyakuta yamelowekwa kwenye beseni, la tatu limeanikwa, la nne alimvua kijana mwilini. Akakaa kwenye cherehani yake akiyafumua kwa wembe, vifungo vyadondoka sakafuni, na majirani wamesimama mlangoni wakimtazama. Adhuhuri akaja na kibunda: mikono, vifua, migongo, kola. Mimi nilikuwa ndani na waosha. Mkubwa wao, Bi Nyamvula, alikinyanyua kipande kimoja kwenye mwanga. Matundu ya sindano yalikuwa yamejipanga, na penye kwapa pana jasho la mtoto wa watu.

— Hiki kimevaliwa, akasema. Kimechezewa ngoma. Mama yako hakuwa mpiga ngoma. Kitoe.

Ikaletwa bafta ya dukani, bado inanuka papa wa rafu ya chini. Tukamvisha hiyo. Uso wake ulikuwa umetulia, lakini nyuso za maiti zote hutulia. Sitawadanganya kwamba alisamehe.

Wanawake hatwendi makaburini, kwa hiyo lililobaki nililisikia kwa Rama, nduguye Mwanarehema. Boga ndiye mwana wa kiume wa pekee, na mwana ndiye hushuka kumpokea mamaye. Alikwisha vua viatu, kanzu ameifunga kiunoni. Kaka wa marehemu akamwekea mkono kifuani, akamwambia Rama ashuke. Akishushwa mwanamke, shuka hutandwa juu ya kaburi, na wanaoishika pembe zake ni watu baki, wasio wa damu yake, nao hugeuza nyuso upande wa pili wasione. Boga akapewa pembe moja. Akaishika, akageuza uso, na mamaye akashushwa nyuma ya mgongo wake.