Mama Kwa Nini na Ukungu wa Kijani

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nasimama mbele yenu, mimi kitinda mimba wake, kuwaeleza maisha ya mama yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Kwa Nini, jina alilopewa kazini, na ambalo hata baba alilitumia akichoka kujibu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa nne wa fundi cherehani, akasoma hadi darasa la saba, na tarehe 7 Januari 1974 akaajiriwa katika maabara ya magonjwa ya mimea, kazi yake ikiwa kuosha visahani vya vioo ambamo wataalamu hukuzia vimelea. Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na baba yetu, fundi baiskeli, wakajaliwa watoto watatu, na sote tulikatazwa kufunua kopo lolote jikoni kabla ya kuuliza.

Asubuhi ya tarehe 11 Agosti 1986 aliona kisahani kimoja kimeingiwa na ukungu wa kijani, na kila ulipofika, ule ukungu mweupe unaoozesha mizizi ya nyanya ulikuwa umesinyaa, akakipeleka kwa mkuu wa maabara, naye akasema bila kuinua kichwa, "Huo ni uchafu tu, osha." Mama akamjibu, "Sawa, bosi, lakini kwa nini uchafu huu unamla mwenzake?" Mkuu akavua miwani, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Sijui," na tangu siku hiyo mama alimheshimu sana.

Waliukuza ule wa kijani juu ya mchele uliochemshwa, mama akaupeleka kwa jirani yetu, mkulima wa nyanya ambaye miche yake ilikuwa ikioza msimu wa pili mfululizo, akaumwaga kitaluni, na miche yote ikafa. Jirani alikuja hadi mlangoni, akasema, "Shemeji, hata ile michache iliyobaki umenimalizia."

Mama aliona aibu, akawa anapita njia ya nyuma kwenda kazini, lakini aliing'oa miche ile, akaikagua mizizi kwa darubini, akagundua kwamba ilikuwa imeshaoza kabla ukungu wa kijani haujafika, kumbe ulipaswa kutangulia udongoni. Akarudi kwa jirani, akamwambia, "Nipe kitalu kimoja tu, kikiharibika usinisalimie tena." Safari hii aliuchanganya na mboji, akauweka siku kumi kabla ya kusia mbegu, na miche ikasimama mia moja sabini na moja kati ya mia mbili, wakati kitalu cha pembeni kisichowekewa ukungu kilibakiza thelathini na nane. Akatolewa kwenye karai la kuoshea visahani, akawa msaidizi wa utafiti hadi alipostaafu mwaka 2011.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2021, akafariki Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake, ambao tunawaomba wasiondoke kabla ya kupita nyuma ya nyumba, kwani ameacha vitalu vitatu vya maharage, hakuandika popote alichoweka, na cha katikati kimestawi ajabu.

Mama, upumzike kwa amani, udongo tutaupeleka kupimwa.