Simu Imelala Mjini

Jamani, mimi kahawa nauza, umbea nagawa bure! Benchi langu liko hapahapa Ifakara, pembeni ya kibanda cha Beatus, yule anayechaji simu za watu. Wateja wangu wa kudumu wawili. Fulgensi tunamwita Redio, hazimiki. Kelestini tunamwita Daktari, maana aliwahi kufagia zahanati miezi minne. Asubuhi hiyo kila mmoja kashika karatasi. Watafiti wa malaria wanaomba ruhusa waone simu zetu zinazunguka wapi, wajue watu wanaupata ugonjwa wapi. Meseji hawasomi, wamesema. Mwisho wa kusaini saa sita, ofisi ya mtaa.

— Mimi sisaini ng'o, — Redio akaanza. — Simu iseme nilikuwa Lupiro, na mke wangu nilimwambia naenda Malinyi?

— Kwani Lupiro kuna nini, baba? — nikamuuliza.

— Kuna... samaki.

Nilicheka mpaka birika likacheza mkononi! Samaki gani huyo anasuka nywele?

— Acheni utani, — Daktari akasema. — Hiyo simu ukiiweka mfuko wa shati inahesabu mapigo ya moyo. Homa ikipanda, wanaona kwenye kompyuta.

— Weee!

— Hata mbu akilia karibu, inamrekodi. Wanajua dume au jike.

— Si wamkamate sasa? — Redio akasema. — Sauti yake wanayo!

Hapo ndo akatokea Levina, jirani yangu, anatoka zahanati, mwanae Silvano mgongoni kalegea kama kitenge kilicholowa.

— Shikamoo shangazi. Shikamooni baba zangu.

— Marahaba mwanangu. Mtoto vipi?

— Malaria tena. Ya tatu tangu tupande mpunga.

Kicheko kikaniisha.

— Nataka kusaini, — akasema. — Nani ana kalamu?

Redio akampa ya kwake. Levina akaishika, akaangalia karatasi, hakuandika.

— Ila niambieni kitu. Hapa nyumbani nina neti, mbu hatugusi. Tunaumwa kule shamba, tukienda kulinda mpunga usiliwe na ndege. Wiki mbili mbili tunalala juu ya dungu, kichanja tu cha miti, upepo unaingia kila upande. Na kule umeme hakuna, simu naiacha hapa kwa Beatus. Sasa simu ikiwaambia Levina kalala Ifakara siku zote, watajuaje mwanangu anaumwa wapi?

Redio akamwangalia Daktari. Daktari akapeleka mdomoni kikombe kilichokwisha zamani.

Beatus akachungulia kutoka kibandani.

— Humu ninazo thelathini na moja, — akasema. — Zote wenyewe wako shamba.

— Daktari, — nikasema, — mjibu basi mtoto wa watu.

— Mimi nilikuwa upande wa kufagia, shangazi.

Levina akarudisha kalamu, akakunja karatasi.

— Ngoja nikawaulize wenyewe, saa sita haijafika. Wakikubali kuandika na dungu langu, nasaini.

Akakaza kanga ya mtoto, akashika njia ya ofisini.

Redio akanisogezea kikombe taratibu.

— Mimina, shangazi.

— Kimebaki kimoja tu, — nikamwambia, nikafunika birika. — Cha Levina, akirudi na jibu.