Mwanahawa binti Abdulrazaq na Nyanya Zilizokataa Kufanana

Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh. Masheikh wetu, wazee wa mtaa, ndugu zetu mliovuka maji kutoka visiwani, nanyi wakwe zetu mliotoka Ngorongo tangu jana, mimi ni Nassibu Abdulrazaq, mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu. Familia imenituma nisome maisha ya dada yangu kabla hatujalinyanyua jeneza, si kwa sababu najua kusoma kuliko wengine, bali kwa sababu miaka hii ya mwisho nilikaa naye ukuta kwa ukuta hapa Kibiti, na kila alichokitaka asubuhi alianza kuniita mimi. Kama sauti itakatika mnivumilie, nimechoka.

Marehemu Bi Mwanahawa binti Abdulrazaq Mbonde alizaliwa tarehe 14 Machi 1960, katika kijiji cha Kiomboni, delta ya Rufiji, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Abdulrazaq, mkata mikoko aliyeuza boriti, na mama yetu, aliyelima mpunga na bustani ndogo nyuma ya nyumba. Kwenye bustani hiyo mama alikuwa na nyanya zake, ndogo, chachu, zenye ganda gumu, ambazo hakuzinunua popote, alipewa na mama yake siku ya kuolewa, na huyo naye alipewa na wake. Kwetu sisi mwali hatoki nyumbani mikono mitupu, mama humfungia mbegu kwenye pindo la kanga, bamia, maboga na nyanya, ili akifika kwa watu asianze maisha kwa kuomba mboga. Nayasema haya mapema kwa sababu bila hayo hamtamwelewa dada yangu, na wengi wenu hamkumwelewa.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kisiwani kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akamaliza darasa la saba, akabaki kumsaidia mama shambani, hadi tarehe 2 Juni 1979 alipofunga ndoa na marehemu shemeji yetu, Hemedy Saidy, mwenyeji wa Ngorongo, aliyekuwa mfanyakazi kwenye kivuko cha Ndundu. Waliishi Ndundu miaka ishirini na zaidi, naye akapika chakula na kuwauzia abiria waliosubiri kivuko, na madereva wa Lindi wa enzi hizo, kama yupo aliyebaki, watakumbuka mchuzi wake wa kambale uliopikwa kwa nyanya za mama yetu. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto sita, wawili walitangulia wangali wadogo, na walio hai ni Warda, Sufiani, Hashimu na Habiba, pamoja na wajukuu kumi na mmoja, mkubwa wao akiwa Binti, mtoto wa Warda.

Mwaka 1998 mto ulifurika, maji yakaingia jikoni kwake, yakachukua masufuria, kuku, na chupa ya mbegu aliyokuwa akiihifadhi ndani ya jivu. Masufuria alinunua mengine. Mbegu alizifuata Kiomboni, lakini mama yetu alikuwa ameshatangulia, akakuta bustani imeota magugu, na majirani waliobaki wanapanda mbegu za dukani, akarudi na pindo la kanga jinsi alivyokwenda nalo. Mwaka 2003 daraja lilipofunguliwa magari yakaacha kusimama, kivuko kikaondoka, biashara ikafa, wakahamia hapa Kibiti. Mwaka huohuo Warda akaolewa, na mama yake, kwa kuona haya mbele ya wakwe, alimfungia pindoni fundo tupu. Warda alilifungua huko alikokwenda, hakukuta kitu, wala hakuwahi kumuuliza mama yake, lakini mama yake alijua kuwa anajua.

Mumewe alifariki tarehe 11 Novemba 2016. Alipomaliza eda mwaka 2017, Bwana Husseini, bwana shamba wa kata, yupo pale nyuma amesimama, aliwafundisha kina mama wa mtaa wetu kulima nyanya chotara nyumbani, kuanzia kitaluni, nafasi ya mche na mche, samadi, kuegemeza kwa vijiti, na namna ya kumchunga yule kiwavi kantangaze asile majani. Dada alipanda kwenye kiwanja hiki mnachokiona, ambacho hata mbuzi akigeuka anagusa ukuta, akavuna nyanya kubwa, nzito, zinazolingana, mtaa mzima ukala na nyingine zikaenda sokoni. Hapo ndipo matatizo yetu yalipoanza, maana alichagua zile nzuri kuliko zote, akazikamua, akazikausha mbegu zake kwenye jivu, kama alivyofundishwa na mama.

Bwana Husseini alimwambia kwa upole kwamba mbegu chotara hairudiwi, kwamba ni mtoto wa baba na mama wasiofanana, na ukipanda watoto wake kila mmoja atafuata ukoo wake. Alipanda hivyohivyo mwaka 2018, na ikawa kama alivyoambiwa, moja ndefu, moja bapa, moja imepasuka kabla ya kuiva, nyingine zimenyauka hata ua hazijatoa. Watu walicheka, nami nilicheka. Jibu lake mnalijua wote, maana alilirudia mpaka likatuchosha: "Mie nimezaa sita, hakuna anayefanana na mwenzie, na wote wa Hemedy. Nimfukuze nani?"

Tangu hapo kila msimu alichagua mche mmoja uliomridhisha, akachana kitambaa cha kanga kuukuu, akaufunga, na tunda la mche huo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata mgonjwa. Sufiani alimtumia pakiti mpya za mbegu kutoka Dar es Salaam kwa basi, alizipokea, akashukuru, akazipanda upande wa pili kwa ajili ya kula na kuuza, na upande wa ukutani akaendelea na watoto wake wa ajabu. Mwaka mmoja panya walikula mbegu zote akarudia kwa zile chache za mwaka wa nyuma, mwaka mwingine ugonjwa wa mnyauko ulisafisha mstari ukabaki mche mmoja. Bwana Husseini, alipoona hasikii, alikaa naye siku moja akamwambia kwamba, kama hataki kuacha, basi aendelee hivyohivyo bila kuchanganya, mbegu za mche mmoja tu mwaka huu, na za mmoja tu mwakani, huenda baada ya misimu saba au minane zikatulia, lakini hajaona mtu hapa Kibiti mwenye subira hiyo. Nilikuwepo. Nilimwomba Mungu asimsikie, kwa kuwa maji ya kumwagilia nilikuwa nayabeba mimi.

Ndugu waombolezaji, naomba hili liingie kwenye historia ya marehemu, kwa kuwa ni haki. Mwaka 2021 miguu ya dada ilianza kuvimba, akagundulika ana presha na moyo umetanuka, hakuweza tena kunyanyua dumu, na kuanzia hapo kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri nimebeba maji kutoka bomba la msikitini, nikinung'unika njia nzima, wapangaji wangu ni mashahidi, naye akiwa ameketi kwenye kigoda akinielekeza nimwage wapi na nisimwage wapi. Nilimwambia, "Dada, nyanya zipo sokoni." Akanijibu, "Za sokoni zina mwenyewe, hizi zinatafuta mwenyewe. Mwaga taratibu, unachimbua mizizi." Hiyo ndiyo asante niliyopata, miaka minne.

Alitibiwa hapa Kibiti, akapelekwa Dar es Salaam mara mbili, mwaka 2023 na mwezi Februari mwaka huu, na mara zote mbili alisumbua arudishwe mapema. Mwezi Juni alipanda mbegu zote alizokuwa nazo, hakubakiza kwa kuogopa panya, na mwezi Agosti, kwa mara ya kwanza, mstari wote wa ukutani ulizaa sawasawa, nyanya za duara, ganda gumu, nzito, mche wa kwanza na wa mwisho huwezi kuitofautisha. Alimwita Bwana Husseini, akaja, akaupita mstari kwenda na kurudi, akavua kofia. Dada alifunga vitambaa kwenye mstari mzima, akaniambia ziachwe ziivie mtini mpaka zilainike, maana Binti anaolewa mwezi ujao, na safari hii fundo litakuwa na kitu ndani. Furaha yake siku hiyo ndiyo namalizia nayo habari za maisha yake, kwa sababu nyingine kama hiyo sikuiona.

Jana Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nane mchana, moyo ulimchukua akiwa kwenye kigoda chake, tukamkimbiza hospitali, alikuwa ameshaondoka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ameishi miaka sitini na mitano.

Sasa nina jambo moja, na nalisema bila kumlaumu mtu. Wakwe zetu kina mama wa Ngorongo walifika kabla ya magharibi, wakakuta hakuna aliyepika, wakaingia kazini kama msiba unavyotaka. Waliona nyanya zimeiva ukutani zina vitambaa, wakadhani ni zindiko, kinga ya jicho la hasidi, na kwa kuwa mwenye kinga ameondoka wakaona haina nguvu tena, wakasoma Fatiha, wakafungua vitambaa, wakachuma zote. Vijana nao walihitaji nafasi ya turubai na mafiga ya sufuria kubwa, miche ikang'olewa, vijiti vikawa kuni. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta sanda. Niliporudi watu wapatao mia mbili walikuwa wamekula na kushiba, na mchuzi ulikuwa mzuri, nami nimekula. Warda alipofika leo asubuhi alikwenda kwanza ukutani kabla ya kuingia kwa maiti, akasimama pale, kisha akaviokota vile vitambaa kimoja kimoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Dar es Salaam waliomvumilia mgonjwa mwenye haraka ya kurudi kwenye matuta, majirani wa mtaa wetu, kina mama waliokuwa wakipika naye Ndundu na kufika leo ingawa nao magoti yamekwisha, kina mama wenzake wa darasa la nyanya, na Bwana Husseini, ambaye alimwambia ukweli kisha akamsaidia kuushinda. Kina mama wa Ngorongo, tunawashukuru zaidi ya wote, msilie kwa ajili ya hizo nyanya, mmewalisha wageni wake wa mwisho kwa jasho la mkono wake mwenyewe, na dada asingetaka msiba wake uwe na mchuzi mweupe.

Ila nina ombi. Nyuma ya jiko, pale mtaroni mlipozikatia nyanya na mlipoyaoshea masufuria, siku ya kuanua tanga msipafagie, msimwage maji ya moto, msitupe majivu yenye moto. Nyanya ikimwagwa na maji ya vyombo huota yenyewe, kila mtu anajua, na najua pia kwamba zimechanganyika na za sokoni mlizokuja nazo, zitaota kila aina, tutaanza tena kuchagua. Binti ataondoka na fundo tupu kama alivyoondoka mama yake, lakini huyu tumemwambia ukweli, na Warda amemfungia ndani yake kitambaa kimoja cha mstari ule, akamwambia mbegu zitamfuata.

Dada, umesimamia vya kutosha, ondoka kwenye kigoda, lala kwa amani. Zamu ya maji ni yangu, na kesho alfajiri nitabeba, nikinung'unika.