Koti la Msumari

Asubuhi ile, kwenye benchi la mbele ya kinyozi, kahawa ilinyweka kwa taabu. Msumari alikuwa amezikwa jana yake, mzee wa mvi, kafia kitandani. Ujanani aliongoza genge la Gereji, akamuua kwa kisu mdogo wa mkuu wa genge la Stesheni. Watu wa Stesheni walipokuja kulipiza, walimkuta fundi cherehani wa mtaa huu barazani kwake, kavaa koti la Msumari lililoletwa kushonwa, akijaribu mabega. Wakamuua akiwa nalo mwilini.

KINYOZI: Mkosi tu. Koti lile jeupe nani hakulijua?

TAIRI, mziba pancha: Mkosi wapi? Msumari alijua wanakuja. Alilipeleka kusudi.

KINYOZI: Acha hizo. Bega lilifumuka, nililiona.

TAIRI: Alilifumua kwa meno yake.

DEREVA: Nyinyi mnababaisha. Magenge yalishapatana chini kwa chini. Walitaka afe mtu yeyote, yaishe, wakubwa waendelee kula. Baada ya pale nani alikufa tena?

TAIRI: Hapo umenena. Basi hata fundi alikuwa mwenzao. Mtu na akili zake atavaa koti la jambazi mchana kweupe?

MAMA KAHAWA: Tairi, marehemu ndiye aliyekushonea suti ya harusi.

TAIRI: Nasema tu, mama.

Mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama na kikombe chake alikisogeza pembeni.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, binti.

— Mimi ni mtoto wa yule fundi. Aliniacha tumboni. Nimesikia Msumari kafa, nikasema nije nipaone alipoangukia baba.

Tairi aliangalia viatu vyake.

— Mama alikuwa dirishani, binti akaendelea. Anasema walikuja wakitembea, taratibu. Wakaita “Msumari”, baba hakugeuka, si jina lake. Wakaita tena. Nyinyi siku ile mlikuwa wapi?

— Hapa, akasema Kinyozi. Benchi hili hili.

— Mliwasikia wakiita?

— Tuliwasikia.

— Basi kwa nini hakuna hata mmoja aliyewaambia kwamba yule ni fundi?

Mama Kahawa alijisogeza, akampisha nafasi. Binti hakukaa.