Simu ya Babu Ilipotaka Mfumo Mpya

Ndugu zangu vijana, sifa zimrudie Mungu, hata kutoka kwetu sisi wa benchi la mwisho! Anayewasomea ni dada Rhobi, lakini aliyeandika ni mimi Ghati, na naomba msigeuke kunitazama. Mchungaji aliniambia ushuhuda ukikataa kutoka mdomoni, basi utoke kwenye kalamu. Kalamu naiweza. Kila siku naandika yale ambayo siwezi kuyasema mbele ya watu.

Leo nashuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kwenye kifungo cha neno moja: baadaye.

Babu yangu mnamjua, baba yake baba, yule anayekaa mbele na fimbo yake. Ana simu ya kupangusa, na mimi ndiye ninayemshikia, kwa sababu vidole vyake ni vya jembe, akigusa herufi moja zinatoka tatu. Ndani ya simu hiyo kuna vitu viwili asivyoweza kuishi bila hivyo. Cha kwanza ni sauti ya bibi. Bibi alipokuwa amelala mgonjwa nyumbani kwa mama, kabla hajatutoka, aliniambia nimrekodi awaage watu wake. Niliweka simu kwenye kigoda, nikabonyeza, nikakimbilia chungu jikoni. Sasa kila jioni babu anasikiliza pale mwanzoni, bibi anapomwita kwa jina la ujana wake. Jina likipita, ananiambia nirudishe. Huwa hafiki mbali zaidi ya hapo.

Kitu cha pili ni uso wa baba. Baba yuko mgodini, mbali, hajarudi tangu mazishi. Jumapili baada ya ibada anapiga simu ya picha, na babu anamtazama, hata maneno yakiisha bado anamtazama.

Ndugu zangu, ndipo ujumbe ulipokuja. Simu iliandika kwamba mfumo mpya umeshapakuliwa, unasubiri kuwekwa tu. Chini kulikuwa na vitufe viwili: Sakinisha sasa. Nikumbushe baadaye. Nikabonyeza baadaye. Kesho yake ukarudi. Nikabonyeza tena. Nilidhani utachoka. Haukuchoka! Halafu ile programu tunayompatia baba nayo ikaandika kwamba mwezi ukiisha haitafanya kazi tena kwenye mfumo wa zamani.

Kumbe sasa nikikataa, tunapoteza uso wa baba. Nikikubali je? Mwita, ninayekaa naye dawati moja, alishaniambia habari za simu ya kaka yake. Waliiwekea mfumo mpya, ikaganda kwenye nembo, na fundi wa Sirari alipoifufua ilikuwa tupu kama siku ilipotoka dukani. Nikaenda kwa mwalimu wetu wa fizikia, aliyeletwa huku kutoka Mbeya, nikasimama mlangoni mpaka akaniuliza kama nimetumwa au nimepotea. Nikauliza kwa sauti ndogo. Akasema simu isiyosasishwa ni nyumba isiyo na komeo, nisichelewe. Nilitaka kumwambia kwamba ndani ya nyumba hiyo yumo bibi. Nikasema asante mwalimu, nikaondoka.

Ndugu zangu, raha iliniisha! Darasani nilikuwa nanakili ubaoni mpaka najikuta nimeandika sasa, baadaye, sasa, baadaye. Nilisonga ugali ukashika chini, wadogo zangu wakanicheka kwamba nimepata mchumba. Nikaanza kumjaribu Mungu. Nikasema kuku mweupe akitangulia kupita mlangoni, naweka. Akatangulia mweusi. Nikasema huyo hakuwa tayari, tuanze upya. Nikasema mvua ikinyesha kabla ya saa sita, naweka. Ikanyesha, tena ya mawe! Nikasema mvua hii ni ya kila mtu, haiwezi kuwa jibu langu. Babu mwenyewe siku moja akaniuliza kinachoandikwa pale kila siku ni nini. Nikamjibu ni salamu za kampuni.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi niliomba nikiwa mtoni nafua. Sikuomba ishara tena. Nilisema, Baba, mimi siwezi, nipe mtu. Nikarudi nyumbani na beseni kichwani, nikamkuta mama anamenya ndizi. Akaniangalia, akaniuliza ni nini kinanila. Sijui hata machozi yalitoka wapi! Nikamwambia yote, nikiwa bado nimebeba beseni.

Mama akacheka kidogo, halafu akaacha kumenya. Mpaka siku ile sikujua kwamba mama kabla hajaolewa alikuwa anauza kwenye duka la simu kule Sirari. Alikuwa anawawekea wateja mifumo mipya na kuwahamishia picha zao. Miaka yote nimelala nyumba moja na jibu langu!

Lakini kulikuwa na ukuta. Wenye asili ya huku mnajua, nawaeleza wageni: kwetu mkamwana na baba mkwe wana heshima yao. Mama haingii nyumbani kwa babu, hawakai pamoja, na kitu cha babu hakishiki. Wanasalimiana kwa mbali. Ndiyo maana hata ile sauti ya bibi mama hakuwahi kuisikia, kwa sababu babu huisikilizia kwake.

"Simu ya baba mkwe wangu siigusi," mama akasema. "Lakini mdomo ninao. Nenda kamwambie."

Ndugu zangu, kumwambia babu ukweli kulinishinda kuliko mtihani wowote. Nilimwamkia shikamoo mara mbili siku moja. Nikamweleza kwamba zile hazikuwa salamu za kampuni. Akachora ardhi kwa fimbo. Kisha akabeba kigoda chake, akaja akakiweka nje ya jiko, ameupa ukuta mgongo. Mama yuko ndani, babu yuko nje, mimi niko mlangoni na simu.

Hapo ndipo kazi ikaanza. Mama anasema, mwambie babu yako kwanza tunakili sauti kwenye memori kadi. Ukuta wenyewe ni wa udongo na una matundu, babu anasikia kila kitu, lakini anangoja nimwambie. Namwambia. Babu anasema, mwulize mama yako, sauti ikinakiliwa haipungui? Mama anasikia, anangoja nimwulize. Namwuliza. Anasema haipungui, ni kama moto, ukiwasha kuni nyingine ile ya kwanza haizimiki. Mimi nilidhani memori kadi ni ya nyimbo tu! Tukanakili. Mama akaagiza kadi itolewe, ikae nje ya simu mpaka kazi iishe. Babu akaifumbata ndani ya kiganja. Mama akauliza chaji. Imejaa. Basi huu ndio wakati wenyewe, akasema, wakati ni pale ulipojiandaa.

Nikabonyeza sasa.

Kioo kikawa cheusi. Ikaja nembo. Ikakaa. Nikakumbuka simu ya kaka yake Mwita. Nikasimama, nikakaa, nikaenda mpaka kwenye mihogo nikarudi, nikaigeuza simu, nikaipuliza kama uji. Nikaomba kwa kunena haraka haraka, sijui hata nilisema nini.

"Ghati," babu akasema, "ng'ombe akizaa huwa hatumchungulii hivyo. Anaona aibu."

Nikamsikia mama jikoni anajizuia kucheka, halafu akashindwa. Na babu akacheka! Sikuwahi kuwasikia hao wawili wakicheka pamoja.

Simu ikawaka, ndugu zangu! Ikaniuliza lugha, ikanikaribisha kama mgeni. Nikatafuta sauti ya bibi, ipo palepale. Nikaicheza, bibi akamwita babu jina lake la ujana, babu akainamisha kichwa. Nilikuwa naenda kuizima, mama akasema upesi kwamba tusiizime, tusikilize mpaka mwisho, isije ikawa imekatika mbele. Safari hii babu hakungoja nimwambie. Akanizuia mkono.

Kwa hiyo tukasikiliza. Bibi akawaaga wajomba, akawaaga mashangazi, akanitaja mimi na wadogo zangu. Halafu pakawa kimya, kikohozi tu, na mbali mlio wa chungu, ule ambao nilikuwa nimeukimbilia. Kisha bibi akasema kwa Kikurya, nami nawaandikia kwa Kiswahili:

"Mama Ghati, umeniogesha kama mama yako wa kukuzaa. Sikukushukuru, nilikuwa naona aibu. Sasa nashukuru."

Ikaishia hapo. Ilikuwa nzima.

Babu akakohoa. Akasema, mwulize mama yako kama amesikia. Nikageukia jikoni nimwulize. Mama hakunisubiri.

"Nimesikia, Baba," mama akajibu mwenyewe, kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Haya," babu akasema. "Ni vizuri."

Ndugu zangu, kesho yake baba alipiga, uso wake ukaonekana kuliko zamani, na yeye tukamsikilizisha mpaka mwisho. Namshukuru Mungu aliyenikatalia ishara za kuku na mvua, akanipa mama. Nimegundua aibu hii niliirithi kwa bibi, lakini bibi aliishinda. Kama na wewe kuna kitu unakiambia baadaye kila siku, mwamini Bwana, halafu nenda ukamwulize mtu wa nyumbani kwako. Mimi dada Rhobi akimaliza kusoma nitasimama niseme amina mwenyewe. Msigeuke kwanza. Nisubirini.